Chumvi Itoke, Majani Yaingie

Tangi la samaki wa bahari ni kazi ya kila siku, na katika miji yetu ya pwani kazi hiyo hutegemea vitu viwili ambavyo havina uhakika: umeme, na mtu wa kubaki nyumbani. Umeme ukikatika usiku, pampu hunyamaza. Maji chumvi yenye joto la nyuzi 27 hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi ya joto hilohilo, takriban miligramu 6 na nusu kwa lita badala ya 8, kwa hiyo samaki huanza kuhema juu ya maji kabla wenye nyumba hawajaamka. Mchana maji hupungua kwa mvuke lakini chumvi hubaki, na asipokuwepo wa kuongeza maji baridi, tangi huzidi kukolea siku hata siku. Familia ikisafiri kwenda arusini au msibani, hurudi ikakuta matumbawe yametoa ute na kiti cha pweza kimelala chali.

Ndiyo maana wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hufika mahali wakauliza: hili tangi haliwezi kuwa la maji baridi, lenye mimea hai? Linaweza, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mara nyingi ni uamuzi mzuri, kwa mwenye tangi na kwa miamba yetu pia. Samaki wengi mno wa bahari wanaouzwa kwa mapambo huvuliwa baharini na wapiga mbizi. Wale wa maji baridi, walio wengi huzalishwa mabwawani. Lakini anayedhani kazi ni kumwaga maji ya chumvi na kujaza ya bomba ataua vingi na atakaa na maji yanayonuka kwa muda mrefu. Kinachobadilika ni zaidi ya ladha ya maji. Anabadilika pia anayeyasafisha.

Niliifuatilia kazi hii nyumbani kwa mzee mmoja jirani, fundi umeme mstaafu, ambaye tangi lake lina urefu wa mita 1.2. Ukiondoa mawe na mchanga lilikuwa na lita kama 200 za maji, na kwa kuwa kila lita ya maji ya bahari hubeba gramu 35 hivi za chumvi, zilikuwemo kilo 7 za chumvi zilizokuwa zikizunguka pale sebuleni. Kijana wa duka la samaki alikuja na ndoo, mpira na taulo kuukuu. Maji yalipofika nusu akaanza kutoa mawe.

"Babu, haya tuyasuuze kwa maji ya bomba tuyarudishe?"

"Hapana, mwanangu. Mawe haya yana wenyewe."

Akalichukua moja, akaliweka kwenye beseni jeupe lenye maji ya tangi, tukasubiri. Baada ya muda mfupi vikaanza kutoka: nyungunyungu wekundu wenye vinyweleo ubavuni, konokono wadogo kuliko punje ya mtama, kaa mwenye gamba la kuazima, na viumbe wa jamii ya kiti cha pweza wenye mikono myembamba iliyokuwa ikipapasa ukingo wa beseni. Hayo ndiyo wafugaji huyaita mawe hai. Ni vipande vya matumbawe yaliyokufa zamani vyenye matundu yasiyohesabika, na ndani ya matundu hayo wamo pia bakteria ambao ndio hasa chujio la tangi la bahari.

Ukilitia jiwe la namna hiyo katika maji baridi, karibu vyote vilivyomo hufa. Sababu yake ni chumvi iliyo mwilini. Samaki wa bahari huishi katika maji yaliyokolea kuliko damu yake, kwa hiyo maji humtoka mwilini muda wote. Yeye hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi iliyozidi kupitia mashavu. Samaki wa maji baridi ana tatizo la kinyume chake: maji humwingia tu, naye hukojoa mfululizo mkojo mwepesi. Wapo wachache wanaoweza mambo yote mawili, kama mkunga wa maji baridi anayeshuka mtoni kwenda kuzaa baharini. Viumbe wa jamii ya kiti cha pweza na tango bahari hawana uwezo huo kabisa. Duniani kote hakuna hata aina moja ya jamii yao iliyowahi kuzoea maji baridi. Maji yasiyo na chumvi yakiwafikia, seli zao huvimba na kupasuka.

Mizoga hiyo midogo huoza ndani ya matundu isikofika brashi, na kinachotoka ni amonia. Basi mawe hai yasiingie katika tangi jipya yakiwa hai, na yasiachwe yafe humo. Yagawe kwa mfugaji mwingine wa samaki wa bahari, pamoja na samaki wenyewe, anemoni na matumbawe. Kazi hii ya kugawa ianze kabla ya siku ya kumwaga maji, kwa sababu samaki wa bahari hawezi kusubiri mnunuzi kwenye ndoo.

Wengine watasema: si tunaishi ufukweni, tuwarudishe baharini tu? La. Samaki aliyechanganyika dukani na wenzake wa kutoka mbali anaweza kubeba vimelea ambavyo mwamba wetu haujavizoea, au asiwe wa huku kabisa. Tunayo mifano miwili mikubwa ya kutuonya. Samaki simba, mwenye mapezi marefu yenye miiba ya sumu, ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Aina moja, Pterois miles, ipo hata kwenye miamba yetu. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, Marekani, ambako hakuwahi kuwapo, na wataalamu wanaamini alitoka kwenye matangi ya watu. Leo ameenea Karibiani nzima akiwala samaki wachanga wa huko. Mfano wa pili ni mwani uitwao Caulerpa taxifolia, uliogunduliwa mwaka 1984 ukimea chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, ukatapakaa katika sehemu kadhaa za pwani ya Mediterania.

Tangi likishakuwa tupu, kioo husafishwa kwa siki nyeupe ili kuondoa gome la chokaa lililoganda, kisha husuuzwa tena na tena. Sabuni isiguse. Jambo moja watu hulisahau: ikiwa tangi liliwahi kutiwa dawa ya shaba ya kutibu samaki, mabaki yake yanaweza kubaki kwenye silikoni na kwenye mchanga, nayo huua kamba na konokono hata yakiwa kidogo sana. Tangi la namna hiyo ni la samaki tu mpaka maji yapimwe.

Vifaa navyo hupangwa upya. Hita, pampu na chujio la nje vinaendelea na kazi vikishaoshwa. Chombo cha kutoa povu, ambacho ndicho fahari ya wafugaji wa bahari, hakina faida tena, kwa kuwa katika maji baridi mapovu huwa makubwa na huungana upesi, uchafu usipate pa kunata. Kiuze. Tangi la chini lenye maporomoko ya maji linaweza kubaki, ila maporomoko yapunguzwe kelele na urefu, maana kila maji yanapojipiga hupoteza hewa ya ukaa, na hiyo ndiyo chakula cha mimea.

Kuhusu taa, wengi hukosea. Taa za matumbawe ni za buluu. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza, na ukishuka mita 10 mwekundu umebaki haba, kwa hiyo mwani unaoishi ndani ya matumbawe umezoea buluu. Mimea ya maji baridi hukulia kwenye kina kifupi ambako mwekundu bado upo. Inataka taa nyeupe ya rangi ya mchana, zile zinazoandikwa 6500 K, na zinapatikana hata kwenye maduka ya kawaida ya umeme. Mwanzoni saa 6 kwa siku zinatosha. Ukiziacha usiku kucha kwa mapenzi ya kutazama, utafuga mwani badala ya mimea.

Sasa tufike kwenye mchanga, maana hapo ndipo njia inapogawanyika. Mchanga wa tangi la bahari huwa ni wa matumbawe na kauri zilizosagika, yaani chokaa. Ukiudondoshea siki, huchemka vipovu. Katika maji baridi mchanga huo huendelea kuyeyuka kidogo kidogo, ukiyafanya maji kuwa magumu na kupandisha pH kuelekea 8 na zaidi. Vitabu vingi vya ufugaji, vilivyoandikwa kwa watu wanaopenda samaki wa Amazoni, husema kwa mkato: utupe. Kwa samaki wa Amazoni ni kweli. Lakini sisi tuna ziwa ambalo maji yake yako hivyohivyo tangu zamani.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na pH iliyo kati ya 8.6 na 9 hivi. Ndani yake wamo samaki wa jamii ya sikilidi wa aina zinazokaribia 250, karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani huwataja samaki hao kwa majina ya mahali walikotoka, na ukiwasikia wakisema Kigoma, Ikola na Mpulungu utadhani wamezaliwa mwambao huo. Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Bujumbura, alichapisha kitabu kizima juu yao mwaka 1978. Ajabu ni kwamba sebuleni mwa Dar es Salaam au Mombasa ni rahisi kumkuta samaki wa Amerika ya Kusini kuliko wa Tanganyika.

Kwa mwenye tangi la bahari, ziwa hili ni zawadi. Mchanga wake wa matumbawe, ukioshwa kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe na kuanikwa juani siku kadhaa, unafaa. Mawe yake makavu, yaliyokwisha kufa na kusuguliwa na kukaa juani mpaka harufu iishe, yanafaa vilevile, kwa kuwa chokaa yake ndiyo inayotakiwa. Na wapo samaki ambao mchanga ndio maisha yao. Neolamprologus multifasciatus, mwenye mistari myembamba na urefu usiozidi sana sentimita 4, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono wa ziwani, Neothauma tanganyicense. Familia nzima hukaa pamoja, kila mmoja na kombe lake, wakichimba na kuhamisha mchanga kwa midomo kutwa. Fupisha umbali, ukae mbele ya kioo, umwone mmoja akibeba punje, akaitema mlangoni kwa jirani, na jirani akairudisha. Mzee wangu, aliyezoea kitatange wa rangi kali, alidhani atawachoka samaki hawa wa kijivu. Sasa wageni ndio wanaochoka kusubiri aache kuwatazama.

Mimea ya kuishi nao ipo. Ya kwanza ni Vallisneria, yenye majani marefu membamba yanayofika juu ya maji na kulala. Inamea ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe, na haihitaji kuwekewa mtungi wa gesi, kwa kuwa inaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikabonati zilizojaa katika maji magumu. Tena ni ya ukoo mmoja na nyasi bahari aina ya Thalassia zinazofunika mabwawa ya pwani yetu maji yanapokupwa. Ya pili ni Ceratophyllum demersum, isiyo na mizizi, inayoelea na kukua haraka sana. Ukiongeza Anubias, mmea wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati wenye majani magumu, unaufunga kwa uzi juu ya jiwe. Shina lake lisizikwe, litaoza.

Anayetaka msitu mnene wa majani laini mekundu na kijani afuate njia nyingine: mchanga wa chokaa utoke wote, na mawe yatoke. Chini kiwekwe kitanda cha udongo, juu yake changarawe au mchanga wa mto usiochemka kwa siki. Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya ikolojia ya tangi la mimea, alionyesha kwamba udongo wa kawaida wa bustani, usio na mbolea ya dukani, unatosha kulisha mimea kwa muda mrefu. Tabaka la sentimita 2 au 3 la udongo, na kama hilo la mchanga juu yake, ndivyo wengi wanavyofanya. Udongo wetu mwekundu una chuma tele, na chuma mimea inakipenda.

Hoja kubwa ya Walstad ni ile iliyonifanya nianze na habari ya msafishaji. Mizoga, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti. Mimea mingi ya majini, ikipewa nafasi ya kuchagua, huila amonia kwanza kabla ya nitreti. Tangi lililojaa mimea inayokua kwa kasi lina msafishaji ambaye hazimiki umeme ukikatika. Jambo hili si geni. Robert Warington, mkemia wa London, mwaka 1850 alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu na Vallisneria katika chombo kimoja. Majani yaliyokufa yakaoza na kuchafua maji, naye akatia konokono wayale, mambo yakatulia. Baada ya hapo ndipo akageukia maji ya bahari.

Bakteria wa tangi la bahari hawaendelei na kazi kama kawaida chumvi ikitoka ghafla. Tangi jipya linaanza upya, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia. Mfugaji wa bahari huwa na ujasiri wa hatari hapa, maana amezoea kuona nitriti kidogo isimdhuru samaki wake. Baharini kloridi ni nyingi, nayo huziba njia ya nitriti kwenye mashavu. Katika maji baridi kinga hiyo haipo. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ya kahawia, isibebe oksijeni. Na anayechagua njia ya Tanganyika aongeze uangalifu kwa amonia: kwenye pH ya 8.3 karibu sehemu 10 katika 100 za amonia huwa katika hali ya sumu, ilhali kwenye 7 haifiki hata sehemu moja. Kwa hiyo mimea iingie siku ya kwanza, mingi kadiri mfuko unavyoruhusu, na samaki wawe wa mwisho.

Lakini maji yaliyotulia bila samaki, katika nchi yetu, ni kitalu cha mbu. Mbu wa homa ya dengi hupenda maji safi yaliyosimama. Funika tangi kwa kipande cha chandarua mpaka samaki waingie. Watakapoingia, viluwiluwi vitakuwa chakula.

Maji yenyewe nayo yafikiriwe. Ya bomba yana klorini, yapewe siku moja au mbili kwenye pipa wazi yakitikiswa na pampu ndogo. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, ambayo samaki wa Tanganyika wanaweza kuivumilia kidogo lakini mimea laini haitaipenda. Maji ya mvua ni bora kuliko yote kwa msitu wa majani. Subiri mvua ya kwanza ioshe paa ndipo ukinge.

Anayetaka kuona mabadiliko haya kwa ukubwa wake atazame kilichofanywa Lisbon, Ureno. Jumba la Oceanário la huko lilijengwa kwa ajili ya bahari, na tangi lake kuu lina lita milioni 5 za maji chumvi. Mwaka 2015 lilimkaribisha Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyeufanya upandaji wa mimea ndani ya vioo kuwa sanaa, akatengeneza humo msitu wa maji baridi wenye urefu wa mita 40 na lita 160,000. Amano alifariki Agosti mwaka huohuo. Kamba mdogo aliyemfanya maarufu kwa kula mwani, Caridina multidentata, hukulia kwenye vijito vya Japani, lakini mabuu wake hawaishi bila chumvi. Mto huwabeba mpaka baharini, na wakishakua hupanda tena. Mfugaji anayetaka kuwazalisha hulazimika kutafuta tena ile chumvi aliyoimwaga.

Mimea nunua kwa wanaoiotesha vitaluni ukiweza. Ya bwawani huja na konokono, na baadhi ya konokono wa maji yetu wanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi ya mkono uliotumbukizwa. Ukilazimika, vaa glavu, ondoa konokono mmoja mmoja, na uiweke mimea hiyo kwenye ndoo peke yake kwa muda kabla haijagusa tangi. Na ile utakayopogoa usiitupe mtaroni. Gugu maji lililoziba fukwe za Ziwa Viktoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kama ua la mapambo. Anika majani juani mpaka yakauke kabisa, halafu yapeleke kwenye shimo la mboji.